Ramadhani 17: Bi Sauda, aliyempa mwenzake siku yake



Leo ni tarehe 17. Najua wengi wenu mnangoja Badri, na Badri itapita humu ndani, ila si ile ya mapanga na ngamia. Tarehe hii hii, mwaka 58 Hijria, kwa kauli iliyo mashuhuri, ndipo alipofariki Mama wa Waumini Aisha binti Abubakar (r.a.). Kila mwaka siku kama ya leo tunamtaja yeye, na anastahiki. Mwaka huu nataka umjue mwanamke aliyekuwa karibu naye: Mama wa Waumini Sauda binti Zam'a (r.a.). Na naomba nisirudie kuandika hayo mabano kila mara, wewe msomaji kila ukifika kwenye jina malizia kwa ulimi wako, upate thawabu zako mwenyewe.

Wanaume, msiruke hii mkadhani ni darsa la akina mama. Mbele huko kuna kipande chenu.

Hebu waweke mbele yako hawa wawili. Sauda ni mtu mzima, mjane, mrefu, mwenye mwili mkubwa kiasi kwamba hata akijifunika gubigubi gizani, anayemjua atamjua. Mwendo wake wa taratibu. Moyo wake mweupe, mcheshi. Aisha ni binti mdogo kuliko wake wenzake wote, mwembamba, mwepesi, ana akili kama wembe, ana wivu na hauficHi, anakumbuka kila anachokisikia. Mmoja alikwishazika mume kabla mwenzake hajaolewa. Na wote wawili ni wake wa mume mmoja. Sasa wewe niambie, kwa ukewenza tunaoujua huku mitaani kwetu, hapo pana urafiki?

Lakini walikuwa mashoga, kwa maana ile ya bibi zetu kabla neno hilo halijaharibiwa. Tuanze mwanzo.

Sauda alikuwa Mkuraishi wa ukoo wa Bani Amir bin Luayy. Mama yake alitoka Madina, kwa Bani Najjar. Aliolewa na Sakran bin Amr, wakasilimu mapema wakati Uislamu Makka ulikuwa ni kipigo na kutengwa, wakahama pamoja katika hijra ya pili ya kwenda Uhabeshi. Fikiria mwanamke anaacha wazazi, anavuka bahari, anakwenda kukaa nchi ambayo lugha haijui, kwa ajili ya dini yake tu. Baadaye walirudi Makka, na Sakran akafariki. Akabaki mjane, na sehemu kubwa ya jamaa zake wakiwa bado kwenye ushirikina. Shemeji yake, Suhail bin Amr, alikuwa mmoja wa vigogo wa Makuraishi na msemaji wao. Kwa hiyo huyu mama hakuwa na pa kuegemea. Kurudi kwa watu wake ilikuwa ni kuirudia mitego yao.

Wakati huo huo nyumba ya Mtume (s.a.w.) nayo ilikuwa kwenye msiba. Bibi Khadija kafariki. Watoto wa kike wawili, Fatima na Ummu Kulthum, wamo ndani. Akatokea Khaula binti Hakim, mke wa Uthman bin Madh'un, akamwendea Mtume kumshauri aoe. Akamuuliza, anataka mwanamwali au mtu mzima aliyekwisha kuolewa? Mtume akataka kujua ni nani na nani. Khaula akataja majina mawili: mwanamwali ni Aisha binti ya Abubakar, na mtu mzima ni Sauda binti Zam'a.

Simama hapo kidogo. Majina yao yalitoka kinywa kimoja, katika kikao kimoja. Khaula akatumwa kwa wote wawili, akaenda nyumba ya Abubakar, kisha akaenda kwa mzee Zam'a, ambaye uzee ulikuwa umeshamshika. Mzee akakubali, akaona ni mtu wa heshima anayekuja kuposa. Kaka yake Sauda, Abd bin Zam'a, aliporudi na kupata habari alijimwagia mchanga kichwani kwa hasira. Baadaye aliposilimu akawa kila akiikumbuka siku ile anajiona alikuwa mpumbavu kweli kweli.

Imepokewa kuwa ndoa ya Sauda ilikuwa katika Ramadhani, mwaka wa 10 wa Utume. Aisha alifungiwa ndoa lakini akabaki kwao. Kwa hiyo kwa muda wa kiasi cha miaka mitatu, Sauda ndiye alikuwa mke peke yake nyumbani kwa Mtume, akilea mabinti wa Khadija. Sisi tungesema Bi Mkubwa. Na wewe unajua Bi Mkubwa anaweza kumfanya nini Bi Mdogo siku anapoingia.

Ikaja hijra. Mtume alipofika Madina aliwatuma Zaid bin Haritha na Abu Rafi' kwenda kuchukua familia yake, wakaja na Sauda, Fatima na Ummu Kulthum. Mtoto wa Abubakar, Abdullah, akaja na watu wa nyumba ya baba yake, Aisha akiwa miongoni. Pembeni ya msikiti vikajengwa vyumba viwili vya kwanza, kimoja cha Sauda na kimoja cha Aisha. Vya wengine vilikuja baadaye, mmoja mmoja. Hawa wawili wakaanza Madina pamoja, wakati hapakuwa na mke wa tatu.

Sasa ile Badri yangu. Mwaka wa 2 Hijria, Ramadhani, mateka wanaletwa Madina. Sauda alikuwa kwa watu wa Afra, wanawaomboleza vijana wao wawili waliouawa vitani. Akarudi nyumbani, akamkuta kwenye kona ya chumba yule shemeji yake wa zamani, Suhail, kigogo wa Makka, mikono imefungwa shingoni kwa kamba. Mama wa watu damu ikamchemka. Ule Ukuraishi wa zamani ukampanda kichwani, akamlaumu Suhail kwamba amejisalimisha kama mtu dhalili badala ya kufa kiume. Alikuwa hajui kuwa Mtume yumo ndani anasikia. Mtume akamuuliza kama anachochea watu dhidi ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Sauda akashtuka, akaeleza ukweli ulivyo: kwamba alipoiona ile mikono shingoni hakuweza kujizuia, ulimi ukamponyoka. Hakujitetea zaidi ya hapo. Na Suhail huyo, kwa taarifa yako, baadaye alisilimu na Uislamu wake ukawa mzuri.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu ndani yake Sauda anaonekana mzima mzima. Lililo moyoni liko ulimini. Mtu wa namna hii hawezi fitina, hata akijaribu anashindwa. Utaliona hili kwenye kisa cha asali.

Lakini kwanza cha chakula. Kimepokewa katika Sunan al-Kubra ya Imamu an-Nasai, na anayekisimulia ni Aisha mwenyewe. Siku moja alipika khazira. Khazira ni vipande vidogo vya nyama vinavyochemshwa mpaka vilainike, kisha unakorogewa unga ndani. Ukitaka picha, fikiria bokoboko lililo jepesi. Akamletea Mtume, na Sauda yupo, Mtume amekaa katikati yao. Aisha akamwambia Sauda ale. Sauda akakataa. Aisha akamtisha kwamba asipokula atampaka usoni. Sauda akakataa tena. Basi Aisha akachota khazira kwa mkono, akampaka mwenzake uso mzima! Mtume akacheka. Halafu akalishusha goti lake ili Sauda aifikie sahani, akamwambia naye ampake mwenzake. Sauda akachota, akampaka Aisha. Mtume akazidi kucheka. Pale pale ikasikika sauti ya Umar inapita nje akimwita mtu, Mtume akadhani ataingia, akawaambia haraka wainuke wakanawe nyuso. Aisha anasema tangu siku ile akawa anamwogopa Umar, kwa kuona Mtume mwenyewe alivyomchukulia.

Nikisoma hapo huwa nacheka peke yangu. Tuna tabia ya kuwapachika wake wa Mtume kwenye fremu ukutani kana kwamba hawakuwahi kucheka. Huyu mama wa umri ule angeweza kununa. Angeweza kusema huyu mtoto hana adabu, mimi nilikuwa humu kabla yake. Akachota mchuzi akalipiza, mambo yakaisha, wakaenda kunawa pamoja.

Cha asali kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume alikuwa akipenda vitu vitamu na asali, na baada ya Alasiri alikuwa na desturi ya kuwapitia wakeze. Akawa anachelewa zaidi kwa Hafsa, kwa kuwa Hafsa alikuwa amezawadiwa asali na anamnywesha. (Kuna riwaya nyingine sahihi inayomtaja Zainab, na ndiyo wanayoihusisha wengi na kuteremka kwa Suratu Tahrim. Nakipitia hiki kwa sababu ndicho chenye Sauda ndani.) Aisha wivu ukampanda, akapanga mpango. Akamfundisha Sauda: akija kwako, muulize kama amekula maghafiri. Maghafiri ni utomvu mtamu wa mti fulani wenye harufu mbaya, na Mtume alikuwa hapendi kabisa kutoka na harufu mbaya. Atasema amekunywa asali, nawe mwambie basi nyuki wake walikula kwenye mti ule. Safia naye akafundishwa hivyo hivyo.

Sauda alikubali. Lakini baadaye alikuja kueleza kwamba Mtume aliposimama tu mlangoni, kidogo apige kelele kuyasema yote kabla hata hajaingia, kwa jinsi alivyokuwa akimwogopa Aisha. Alikuwa amebeba siri inamuunguza. Mpango ukafaulu, Mtume aliporudi kwa Hafsa akaikataa asali. Sauda roho ikamsuta, akamgeukia Aisha na kusema kwa masikitiko kuwa wamemnyima kitu alichokipenda. Aisha akamwambia anyamaze.

Sasa nikuulize swali, na ni swali ninalowauliza wanafunzi wangu madrasa kila tukifika hapa. Kisa hiki tumekijuaje? Mtume hakukisimulia. Sauda hakukisimulia. Tumekipata kwa Aisha. Yeye ndiye aliyepanga, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu miaka mingi baadaye akaeleza kwamba wivu ulikuwa wangu, mpango ulikuwa wangu, na mwenye moyo laini siku ile alikuwa Sauda.

Na si hicho tu. Kuanzia khazira, mpaka asali, mpaka Muzdalifa nitakayokuja nayo sasa hivi, fuatilia mlolongo wa wapokezi, utamkuta Aisha. Sauda mwenyewe amepokewa hadithi tano tu. Mojawapo iliyomo kwa Bukhari inahusu kondoo wao aliyekufa, wakaidabighi ngozi yake wakawa wanatia humo maji ya tende mpaka ngozi ikachakaa. Mambo ya nyumbani, ya mtu wa kazi. Aisha amepokewa hadithi 2,210. Masahaba wakubwa walikuwa wakikwama wanakwenda mlangoni kwake. Kama Aisha angetaka kumfuta Sauda, ilitosha anyamaze tu. Nani angejua? Au angefanya lile tunalolifanya sisi kila siku: angesimulia visa vile vile, ila yeye awe ndiye mwema.

Nirudi kwenye njia. Bukhari amepokea kuwa wake wa Mtume walikuwa makundi mawili. Kundi moja ni Aisha, Hafsa, Safia na Sauda, na kundi la pili ni Ummu Salama na waliobaki. Basi ujue Sauda alichagua upande. Yeye Bi Mkubwa wa wote alijiweka kwenye kundi la binti mdogo.

Ilipoteremka amri ya hijabu, Sauda alitoka usiku kwa haja, kama wanawake wa Madina walivyokuwa wakitoka zama hizo, maana majumbani hapakuwa na vyoo. Umar akamtambua kwa umbo lake, akampigia kelele kwamba wamemjua. Alikuwa na nia yake, lakini kwa mwanamke mwenye mwili mkubwa, kutajwa jina gizani kwa sababu ya umbo, unadhani ilimwingiaje? Akarudi moja kwa moja kumshitakia Mtume. Na Mtume alikuwa wapi? Kwa Aisha, anakula chakula cha usiku, mfupa wenye nyama mkononi. Sauda akaingia humo humo chumbani kwa mke mwenzake akaeleza jambo la kuona haya kama lile mbele yake. Wahyi ukashuka, na ule mfupa bado mkononi, kisha Mtume akamjulisha kwamba wameruhusiwa kutoka kwa haja zao. Ruhusa hiyo wanaitumia wanawake wote wa Kiislamu hadi leo, na imekuja kwa malalamiko ya Sauda.

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa la maisha yake. Umri ukasogea. Sauda akajiona anazeeka, na akahofia isije ikawa Mtume ataachana naye. Akafikiri, kisha akamwendea na neno lake: kwamba siku yake, ile zamu yake, anampa Aisha. Yeye hana tena haja ya mambo ya wanaume. Anachotaka ni kubaki mkewe na kufufuliwa Siku ya Kiyama akiwa katika wakeze. Mtume akakubali. Tangu hapo Aisha akawa na siku mbili, yake na ya Sauda. Wanachuoni wanaitaja habari hii wanapofasiri Aya ya 128 ya Suratu Nisaa, inayozungumzia mke anayechelea mumewe kumpa mgongo, na kwamba hakuna ubaya wakisuluhiana.

Wanaume, kipande chenu ndicho hiki. Mimi mambo ya ndoa yanafika mbele yangu. Nimewahi kuona mtu anakitumia kisa cha Sauda kama fimbo: amemchoka mke wa ujanani, amepata mwingine, anakuja na maneno kwamba mke mwema ni yule anayeachia zamu yake kama Sauda. Acheni. Sauda hakuombwa. Sauda hakusukumwa, hakununiwa mpaka akachoka akasema basi. Alitoa haki iliyo yake, na wengi wa mafakihi wamesema mke aliyetoa zamu yake anaweza kuirudisha siku yoyote akitaka, kwa sababu ni mali yake. Aya hiyo hiyo inamalizia kwa kuwahimiza waume wafanye wema na wamche Mwenyezi Mungu. Wewe unayesoma nusu, soma yote.

Na sasa mama zangu, tazameni siku hiyo alipewa nani. Alikuwa na wake wenza wanane. Kulikuwa na Ummu Salama, mwanamke wa hekima, mtu mzima mwenzake, mjane mwenzake, mhajiri wa Uhabeshi mwenzake. Kwa umri na mapito, huyo ndiye wa kufanana naye. Akampa yule aliyempaka khazira. Wapo wanaoeleza kuwa alijua Mtume anampenda Aisha akataka kumfurahisha Mtume, na ni kweli, imepokewa hivyo. Lakini huwezi kumpa mtu siku yako ukiwa na kinyongo naye.

Aisha alilipokeaje? Katika Muslim imepokewa kutoka kwake kwamba hakupata kumwona mwanamke ambaye angetamani kuwa ndani ya ngozi yake kama Sauda, mwanamke aliyekuwa na ukali wake. Wanachuoni wameueleza ukali huo kuwa ni nguvu ya nafsi na wepesi wa moyo. Zingatia nani anasema. Mwenye elimu, mwenye ujana, mpenzi wa Mtume, anamtamani mama mzee mnene asiye na zamu.

Na alimtamani tena Muzdalifa. Mwaka wa 10, Hija ya kuaga. Usiku wa Muzdalifa Sauda aliomba ruhusa aondoke kwenda Mina kabla ya watu, kabla ya msongamano, kwa kuwa mwili wake mzito na mwendo wake wa taratibu. Akaruhusiwa. Aisha akabaki mpaka asubuhi akaondoka na umati. Mliokwenda Hija mnaujua msongamano huo. Baadaye Aisha alikuwa akisema laiti naye angeomba kama alivyoomba Sauda, ingemfurahisha kuliko kila kitu. Umbo lile lililomfanya Sauda atambuliwe gizani, Muzdalifa likawa ruhusa yake, na mwembamba akabaki anamwonea gere. Mpaka leo wenye udhuru, wagonjwa na wazee mnatoka Muzdalifa usiku, na hadithi ya Sauda ni moja ya dalili zenu.

Mtume akafariki mwaka wa 11, chumbani kwa Aisha, akiwa ameegemea kifua chake.

Baada ya hapo njia zao zikaonekana tofauti zaidi. Sauda alilichukua neno la Mtume baada ya ile Hija, kuhusu kubaki kwenye mikeka ya nyumba zao, kwa uzito wake wote. Yeye na Zainab binti Jahsh hawakutoka tena hata kwenda kuhiji, Sauda akisema hatapanda mnyama tena wa kumsafirisha. Wenzao walihiji. Aisha yeye alihiji, alisafiri, alifundisha, na mwaka 36 akafika hadi Basra katika ile fitina kubwa ya Vita vya Ngamia, jambo ambalo alikuja kulijutia na kulilia. Sitaki kusema nani alikuwa sahihi kuhusu kutoka au kukaa, masahaba wenyewe walilielewa tofauti. Nasema tu kwamba mmoja alikaa mkekani na mwingine akawa bahari ya umma, na hakuna riwaya ninayoijua ya mmoja kumbeza mwenzake kwa hilo.

Mkono ndio ulikuwa mmoja. Umar katika ukhalifa wake alimpelekea Sauda gunia. Akauliza lina nini, akaambiwa dirhamu. Akashangaa, dirhamu kwenye gunia kama tende? Akazigawa zote. Na Aisha, mpwa wake Abdullah bin Zubair alimpelekea fedha ipatayo dirhamu 100,000, naye amefunga. Akakaa akagawa mpaka jioni hakuna kitu. Adhana ikaribia, akaomba futari yake. Mhudumu wake, Ummu Dharra, akamuuliza kwani hakuweza kubakisha dirhamu moja wanunue nyama ya kufuturu? Aisha akamwambia asimlaumu, kama angemkumbusha angefanya. Alikuwa amesahau kwamba ana njaa.

Sauda alifariki Madina. Wapo wanahistoria wanaosema ni mwishoni mwa ukhalifa wa Umar, na wapo wanaosema ni mwaka 54. Kwa kauli zote mbili alitangulia kabla ya Aisha, na akazikwa Baqii. Ibn Sa'd amepokea kuwa aliacha wasia kuhusu chumba chake, kile kilichojengwa pembeni ya msikiti. Alikiusia kwa Aisha. Alikwisha kumpa siku yake, akampa na nyumba.

Aisha alikuwa na nafasi ambayo hakuna mtu duniani asingeitaka. Mtume kazikwa chumbani kwake. Baba yake kazikwa hapo hapo. Palibaki mahali pa kaburi moja, na alikuwa amejiwekea yeye. Umar alipochomwa kisu na kujua anakufa, alimtuma mwanawe kwa Aisha kuomba azikwe hapo na wenzake wawili. Aisha akatoa mahali pake, akampa Umar, yule yule waliyemkimbilia kunawa khazira usoni.

Na usiku kama huu wa Ramadhani mwaka 58 ulipomfikia yeye, Abu Huraira akamsalia, wakamzika usiku ule ule. Alikuwa amekwisha kumuusia Abdullah bin Zubair kwamba asizikwe pale chumbani. Azikwe Baqii, pamoja na wanawake wenzake.